Kucheza AFL kama kazi: mwongozo kamili kwa kijana mwenye asili ya Afrika na wazazi wake

Aliir Aliir alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Mwaka 2013 Sydney Swans, klabu ya AFL, yaani ligi kuu ya mpira wa Kiaustralia, ilimchukua akiwa chaguo la 44 kwenye drafti, siku klabu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, na mwaka 2021, akivaa jezi ya Port Adelaide, aliingia All-Australian, yaani kikosi cha wachezaji bora wa msimu mzima. Mpira huu wenye umbo la yai hakuuchezea Kakuma. Aliukuta Australia, tena akiwa tayari kijana.

Habari hiyo hupenda kusimuliwa kama muujiza. Ukiifuatilia utaona ina vituo: mpira wa mtaani na shuleni, kisha East Fremantle katika ligi ya Australia Magharibi, kisha ligi kuu. Vituo hivyo bado vipo. Vijana wetu wengi hawakwamishwi na mbio wala urefu. Wanakwama kwa sababu wanauanza mpira wakiwa wamechelewa, na familia hazijui skauti, yaani wale wanaozitafutia klabu vipaji, husimama wapi. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa familia zinazoishi Melbourne, Perth, Adelaide, Brisbane na kwingineko Australia. Aliyeko Nairobi, Bukavu au Mwanza nitamgusa baadaye, kwa ukweli usiofurahisha sana.

Kwanza uujue mchezo

Kila timu ina wachezaji 18 uwanjani, na uwanja ni wa duara refu, mara nyingi ule ule wa kriketi. Hakuna golikipa wala kuotea. Mechi ina robo nne za dakika 20, lakini saa husimamishwa mpira ukitoka au ukikwama, kwa hiyo robo moja hukaribia nusu saa. Kila upande kuna nguzo nne: ukiupiga mpira kwa mguu ukapita kati ya mbili za ndani bila kuguswa, unapata pointi 6, ukipita pembeni yake, pointi 1. Ndiyo maana matokeo huandikwa kama 12.8 (80): mabao 12, pointi za pembeni 8, jumla 80.

Ukidaka mpira uliopigwa kwa mguu na kusafiri angalau mita 15, umepata maki, na unapewa nafasi ya kupiga bila kuguswa. Pasi ya mkono haitupwi: unaushika mpira kwa mkono mmoja na kuupiga ngumi kwa mwingine. Ukikimbia nao, kila mita 15 lazima uudundishe au uugusishe chini. Ukikabwa kihalali ilhali ulikuwa na nafasi ya kuuachia, mpira unakwenda kwa wapinzani.

Kanuni hii ya mwisho ndiyo inayowaumbua waliokulia soka. Mtoto wa soka amefundishwa kutulia na mpira na kumvuta beki. Hapa akitulia sekunde moja zaidi anaangushwa na mpira unachukuliwa. Kosa lake la pili liko kwenye mguu, na hilo linastahili hatua yake.

Hatua ya 1: Ingia klabu ya mtaa mapema

Kwa watoto wa miaka 5 hadi 12 kuna Auskick, mpango wa kujifunza mchezo kwa michezo midogo bila kukabana kwa nguvu. Baada ya hapo kuna ligi za watoto na vijana kwa umri. Usajili hufanywa mtandaoni, siku hizi kupitia PlayHQ. Kuna ada, na majimbo kadhaa hutoa vocha za michezo kwa familia zenye kipato kidogo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Kocha na katibu wa klabu wameshaulizwa swali hilo mara nyingi, hakuna aibu. Vifaa ni vichache: viatu vya njumu, kinga ya meno, kaptura. Fulana isiyo na mikono kwa kawaida hutolewa na klabu.

Mzazi, jambo ambalo wengi wetu hushtuka nalo ni kwamba klabu hizi zinaendeshwa na kujitolea. Utaombwa usimamie ubao wa matokeo, ukaange soseji, au uje na machungwa yaliyokatwa vipande kwa ajili ya mapumziko. Usikwepe. Pale kwenye machungwa ndipo utakaposikia nani anafanya majaribio wapi, na ndipo utakapopata mtu wa kumpa mwanao lifti siku una zamu ya usiku. Usafiri umewatoa watoto wengi kwenye mchezo huu kuliko majeraha.

Kuna suala la hati. Familia nyingi zilizopita kambini zina watoto walioandikwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari. Makundi ya umri na sifa za drafti hutegemea tarehe iliyo kwenye hati, si ile anayoikumbuka bibi. Ikiwa kuna kosa la kweli, shughulikia marekebisho mtoto akiwa bado mdogo. Kulianza akiwa na miaka 17 huzua maswali usiyoyataka.

Hatua ya 2: Jenga mguu

Skauti hupenda kijana mrefu anayeruka. Anayemlipia mkataba, hata hivyo, huuliza kama mpira unafika kwa mwenzake. Ningepewa nafasi ya kumshauri kijana jambo moja tu, ningemwambia apige mpira kila siku.

Pigo la msingi linaitwa drop panti, na hufanywa hivi. Shika mpira kwa mikono miwili ukiwa umesimama wima kwa urefu wake, vidole vikitanuka pande zote mbili. Elekeza mwili wako unakotaka mpira uende. Ukikaribia kupiga, ushushe kwa mkono wa upande wa mguu unaopiga. Usiurushe juu, uongoze tu hadi uache vidole. Mguu ushuke ukiwa umenyooka, vidole vya mguu vikielekea lengo, na sehemu ya juu ya kiatu igonge ncha ya chini ya mpira. Ukipatia, mpira utazunguka kinyumenyume na kwenda wima bila kuyumba. Ukiona unapepesuka hewani, karibu kila mara kosa liko kwenye mkono ulioushusha, si kwenye nguvu ya mguu.

Mchezaji wa soka huugeuza mguu apige kwa upande wa ndani. Hapo mpira unakwenda kombo. Itachukua miezi kuisahau tabia hiyo, na hakuna mkato.

Anza mita 15 mbele ya ukuta au rafiki, uongeze umbali pale tu ambapo mapigo manane kati ya kumi yamefika kifuani. Mguu mbovu upate zamu sawa na mguu mzuri. Pasi za mkono zifanyie mazoezi ukutani, kushoto na kulia. Kisha fanya yote hayo ukiwa umechoka, maana kiungo kwenye mechi hukimbia kilomita 12 na zaidi, na pasi za robo ya nne ndizo zinazoamua.

Jambo lingine ni nafasi. Kijana mweusi mrefu akifika klabuni, makocha wengi humpeleka moja kwa moja kwenye raki, yule anayerukia mpira wa kuanzisha, au humsimamisha mbele ya goli asubiri. Huko anaweza kumaliza mechi akiwa ameugusa mpira mara sita. Mzazi au kijana aombe, kwa adabu lakini bila kuchoka, apewe dakika katikati ya uwanja au kwenye ulinzi angali mdogo. Aliir mwenyewe alikuja kung'ara kama beki anayesoma mpira wa wapinzani na kuudaka kabla haujafika.

Hatua ya 3: Uwe mahali skauti anapoangalia

Hapa ndipo panapotofautiana kabisa na Simba au Gor Mahia, ambako klabu ikikupenda inakufuata na kukusajili. Katika AFL yenye klabu 18, kijana hachagui klabu, na klabu haimchukui inavyotaka. Ni lazima apite kwenye mfumo.

Victoria, ngazi ya kuonekana ni Coates Talent League, ligi ya vijana chini ya miaka 18 yenye timu za kanda kama Western Jets, Calder Cannons na Dandenong Stingrays. Kanda yako huamuliwa na unapoishi. Australia Kusini ni timu za vijana za klabu za SANFL, ligi ya jimbo hilo. Australia Magharibi, zile za WAFL, ligi ya huko. Juu yake kuna mashindano ya kitaifa ya majimbo kwa vijana wa umri huo, na huko skauti wa klabu zote 18 hukaa wakiandika. Majaribio ya timu hizi huanza mwishoni mwa mwaka uliotangulia, na kocha wa klabu ya mtaa ndiye mara nyingi anayetoa jina. Mwambie wazi kwamba unataka jina lako lipelekwe.

Kuna mlango uliofunguliwa kwa ajili ya vijana kama wetu: akademia ziitwazo Next Generation, zilizoanzishwa mwaka 2016 kwa ajili ya vijana wa wenyeji wa asili wa Australia na wale wa familia zenye mizizi Afrika, Asia na kwingineko. Kila klabu ina eneo lake. Mtoto anapata makocha wa kulipwa, mazoezi, na macho ya klabu kuu tangu akiwa na miaka 13 au 14. Klabu yenye akademia inaweza kupewa kipaumbele cha kumchukua siku ya drafti, lakini kanuni za kipaumbele hicho hubadilika mara kwa mara. Mac Andrew, kijana wa asili ya Sudan Kusini aliyekulia Dandenong Stingrays, alikuwa kwenye akademia ya Melbourne. Mwaka 2021 Gold Coast wakamchukua akiwa chaguo la tano, na kanuni za wakati huo hazikuwaruhusu Melbourne kumzuia. Akahamia jimbo jingine.

Kwa wasichana njia ni hiyo hiyo. Ligi ya wanawake, AFLW, ilianza 2017 na klabu 8, na tangu 2022 klabu zote 18 zina timu. Akec Makur Chuot, aliyeishi Kakuma utotoni kabla ya kufika Perth, alicheza Fremantle, Richmond na Hawthorn. Mzazi anayedhani mchezo huu si wa binti yake atazame mechi moja ya wanawake kwanza, halafu aseme.

Hatua ya 4: Mwaka wa drafti

Drafti ni siku klabu zinapochagua vijana kwa zamu, iliyomaliza mkiani ikianza. Mwaka 2023 West Coast walishika mkia, wakamchagua Harley Reid wa kijijini Victoria akiwa wa kwanza, naye akahamia Perth, ng'ambo ya pili ya bara. Ukijiandikisha kwenye drafti umekubali kwamba huenda ukaishi popote. Familia ijadili hilo kabla, si usiku wa matangazo.

Ni lazima uwe umetimiza miaka 18 kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka huo, na ujiandikishe mwenyewe. Katika miaka ya karibuni drafti kuu imekuwa ikichukua vijana 60 hadi 70 hivi kutoka nchi nzima.

Wanaotajwa sana hualikwa kwenye kambi ya vipimo: mbio za mita 20, kuruka juu ukiwa umesimama na ukiwa unakimbia, mbio za kukwepa vizuizi, na mbio za kilomita 2 zinazopimwa muda. Kujiandaa kwa kilomita 2 huchukua wiki kadhaa za kukimbia vipande vipande kwa kasi, usiende kubahatisha. Halafu kuna mahojiano, na hapo wengi wetu hujiponza kwa unyenyekevu. Kijana aliyelelewa kutowakazia macho wakubwa anaonekana hajiamini, na akiulizwa ubora wake anasema "najaribu tu". Ajizoeze kueleza kwa sentensi chache anafanya nini uwanjani, wapi ana upungufu, na anafanya nini kuurekebisha.

Wakala asiingie kabla ya wakati wake. Akiingia, awe na kibali cha chama cha wachezaji, AFLPA, na asome mkataba wake mtu mwingine zaidi ya mjomba. Na shule imalizwe: drafti hufanyika Novemba, baada ya mitihani ya mwaka wa 12, kwa hiyo hakuna sababu ya kuiacha.

Usipoitwa, mlango haujafungwa. Kuna drafti ya wachezaji wa akiba, nafasi za majaribio kabla ya msimu, na drafti ya katikati ya msimu iliyorudishwa 2019. Mwaka huo huo Richmond walimchukua Marlion Pickett kwenye drafti hiyo akiwa na miaka 27, baada ya miaka ya kucheza WAFL. Mechi yake ya kwanza AFL ikawa fainali kuu yenyewe mbele ya watu 100,000 wa uwanja wa MCG, na walishinda.

Sasa kwa aliyeko Afrika Mashariki. Kuna nafasi ya akiba kwa wanaotoka michezo mingine au nje ya nchi. Waairishi wameitumia sana kwa kuwa mchezo wao wa Gaelic unakaribiana na huu, na Mmarekani Mason Cox, mrefu wa sentimita 211, alitoka kwenye mpira wa kikapu na kutwaa ubingwa na Collingwood 2023. Lakini wote hao walionwa na watu waliotumwa kuwatafuta. Asikudanganye mtu anayekuomba fedha ili akupeleke majaribio Australia.

Hatua ya 5: Mkataba wa kwanza

Kijana aliyechaguliwa hupata mkataba wa miaka miwili, au mitatu akiwa wa raundi ya kwanza. Aliye mbali na nyumbani mara nyingi huwekwa na familia mwenyeji. Maandalizi ya msimu huanza Novemba kwa vijana, yakikatishwa na Krismasi, na ligi huanza Machi hadi fainali kuu ya Septemba. Wiki ya kawaida ina mazoezi makubwa mawili au matatu, vyuma, kutazama video za mechi, tiba ya misuli, na siku moja ya mapumziko ambayo wenye akili huitumia kusoma. Usishangae kutoitwa kikosi cha kwanza mwaka mzima. Utacheza ligi ya chini, VFL, SANFL au WAFL, na hapo ndipo watakapoamua kuhusu mkataba wa pili.

Fedha. Katika makubaliano ya 2023 hadi 2027, wastani wa mapato ya mchezaji wa kiume ulipangwa kupanda kutoka dola 387,000 za Australia hadi 519,000. Kwa wanawake wastani ulikuwa dola 60,000 mwaka wa kwanza, ukipangwa kufika 82,000, na ndiyo maana wengi wao bado wana kazi nyingine. Usiusome wastani huo kama mshahara wa kijana wa mwaka wa kwanza; nyota wanauvuta juu, naye yuko chini yake sana. Kodi itakatwa, asilimia ya wakala itatoka.

Halafu simu za ndugu zitaanza. Jina likitoka kwenye habari, watu watadhani umekuwa tajiri. Kusaidia nyumbani ni jambo jema, na hakuna mwongozo utakaokuzuia. Panga kiasi maalumu kwa mwezi, mtu mmoja wa familia akipokee na kukigawa, na ombi lolote la ziada lipitie kwake. Kijana wa miaka 19 asiachiwe kuamua peke yake kati ya ada za binamu na paa la shangazi.

Hatua ya 6: Kubaki

Kila klabu huleta vijana wapya kila mwaka na idadi ya nafasi haiongezeki, kwa hiyo kila Oktoba kuna wanaoambiwa kwaheri. Wanaobaki ni wanaotunza mwili. Majeraha ya kawaida ni msuli wa nyuma ya paja na mabega. La kutisha ni kano ya goti, ambayo ikikatika msimu umekwisha.

Kichwa ndicho nisichotaka kijana akifanyie mzaha. Aliyetikisika ubongo katika AFL hawezi kurudi kucheza kabla ya siku 12; katika klabu za mtaa ni siku 21. Heather Anderson, bingwa wa AFLW wa 2017 na Adelaide, alifariki 2022, na uchunguzi wa ubongo wake ulikuta ugonjwa unaotokana na kugongwa kichwa mara kwa mara. Ukiona nyota, sema, hata kama ni fainali.

Kamari: mchezaji haruhusiwi kuweka hata senti kwenye AFL. Jaidyn Stephenson wa Collingwood aliweka jumla ya dola 36 mwaka 2019, akakosa mechi 10 na kutozwa faini ya dola 20,000. Kumnong'oneza binamu kwamba mwenzako ameumia ili akabashiri ni kosa vilevile.

Ubaguzi wa rangi upo. Adam Goodes, bingwa mkubwa wa Sydney kutoka kwa wenyeji wa asili wa Australia, alizomewa hadi akastaafu 2015, na AFL ikaja kuomba radhi 2019. Likikupata, liripoti siku hiyo hiyo kwa klabu na kwa AFLPA, kwa maandishi. Kwa Waislamu, Bachar Houli alishika dini yake waziwazi na kutwaa ubingwa mara tatu na Richmond, 2017, 2019 na 2020. Waambie makocha mapema kuhusu swala na Ramadhani. Mpango wa mazoezi na chakula hupangwa upya vizuri zaidi ukiwa na wiki nne mbele kuliko siku moja.

Hatua ya 7: Kuhama na kutoka

Oktoba ni mwezi wa kubadilishana wachezaji. Aliir alihamia Port Adelaide kwa njia hiyo mwishoni mwa 2020, na msimu uliofuata ndio uliompandisha juu. Baada ya misimu 8 katika klabu moja mchezaji anaweza kutafuta klabu nyingine, huku klabu yake ikiwa na haki ya kulinganisha ofa ikiwa analipwa miongoni mwa wa juu. Baada ya 10 anaondoka bila kipingamizi. Brent Harvey alicheza mechi 432 hadi 2016, lakini usimfanye kipimo. Wengi hawafiki 100.

Kwa hiyo mambo ya kutoka yashughulikiwe ungali unalipwa. AFLPA husaidia gharama za masomo, na chuo cha ufundi au digrii ya muda hutosha kwenye siku ile ya mapumziko. Klabu za ligi za majimbo na za vijijini hulipa kwa mechi wachezaji waliowahi AFL, jambo linaloweza kukuvusha mwaka au miwili. Na ile akiba ya uzeeni inayowekwa kutoka kwenye malipo yako haiguswi kwa kawaida hadi ufike miaka 60, hivyo unapoulizwa na benki au na ndugu una kiasi gani, hiyo usiihesabu.